MAISHA YA ALONZO CHURCH, MZEE WA LAMBDA

Najua mmezoea kukutana katika kurasa hizi na maisha ya washairi, masultani na wapigania uhuru. Mimi mwaka huu nimeomba nafasi nimlete mtu wa aina nyingine kabisa. Hakutunga shairi, hakupigana vita, na sidhani alipata hata kulisikia jina la Wasini. Kazi yake ilikuwa kukaa mezani usiku kucha na kalamu za wino wa rangi mbalimbali, akiandika alama. Hata hivyo simu zilizomo mifukoni mwa watu hapa Shimoni na kule kwetu ng'ambo ya mlango wa bahari zina programu zilizoandikwa kwa wazo lake.

Sababu ya kuandika ni hii. Katika mjadala wa chama chetu, hoja ilikuwa kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba mambo ya kompyuta. Mimi nilikuwa upande wa kupinga, na kura zikaenda upande wa pili. Kura ni kura, siwezi kuziondoa, lakini sijaridhika. Wenzetu walisema Kiswahili kinaweza kutaja kompyuta, kipanya na tarakilishi, ila hakiwezi kueleza kilichomo ndani. Basi nimechagua kitu kigumu kuliko vyote tulivyosoma katika somo la Kompyuta, nacho ni lambda, pamoja na mwenye kuizua. Mkimaliza kusoma mpige kura upya kimoyomoyo.

Alonzo Church alizaliwa tarehe 14 Juni 1903 katika mji wa Washington, mji mkuu wa Marekani. Baba yake, Samuel Robbins Church, alikuwa hakimu. Baadaye macho na masikio ya mzee huyo yakadhoofika hata hakuweza tena kusikiliza kesi, akaiacha kazi, na jamaa yote ikahamia jimbo la Virginia. Kulikuwa na ami yake, ambaye pia aliitwa Alonzo Church, na huyo ndiye aliyesaidia gharama hata kijana akaenda kusoma shule ya bweni huko Connecticut. Akiwa bado mwanafunzi alipatwa na ajali ya bunduki ya upepo, na jicho lake moja likapofuka.

Mwaka wa 1920 aliingia Chuo Kikuu cha Princeton, na hakuondoka hapo kwa muda mrefu sana, kama mtakavyoona. Mtu wa chongo hulazimika kugeuza shingo ili ayaone yaliyo upande wa pili, na siku moja alipokuwa akivuka barabara Church hakugeuza. Tramu, yaani gari la reli lipitalo katikati ya mji, ilimjia kwa upande asioona, ikamgonga. Akalazwa hospitali. Humo hospitalini kulikuwa na msichana aliyekuwa akisomea uuguzi, jina lake Mary Kuczinski. Mambo ya watu wawili hayaulizwi. Ninachojua ni kwamba walioana mwaka wa 1925, wakapata watoto watatu, na wakaishi pamoja miaka zaidi ya hamsini hadi bibi alipofariki mwaka wa 1976.

Shahada ya udaktari aliipata mwaka wa 1927 chini ya profesa Oswald Veblen. Kisha akapewa msaada wa masomo wa miaka miwili, akakaa Harvard, halafu akavuka bahari kwenda Göttingen, Ujerumani, na Amsterdam, Uholanzi. Mwaka wa 1929 akarudi Princeton kufundisha.

Hapa sharti nieleze wanahisabati wa wakati ule walikuwa na homa gani, manake bila hivyo kazi ya Church itaonekana ni mchezo wa alama. Walikuwa wamegundua kwamba nyumba yao kubwa ya hisabati ina ufa chini kwenye msingi. Mwingereza Bertrand Russell ndiye aliyeuona ufa huo mwaka wa 1901, na kuna mfano wake mwepesi ambao hata mtoto anaufahamu. Chukua kisiwa chenye kinyozi mmoja mwanamume, na kinyozi huyo huwanyoa wanaume wote wasiojinyoa wenyewe, na hao tu. Je, yeye mwenyewe anyolewa na nani? Akijinyoa, basi ni katika wale asiowanyoa. Asipojinyoa, basi ni katika wale anaowanyoa. Kila upande unagonga mwamba. Mkiona ni mzaha, kumbukeni kwamba katika hisabati ukikubali jambo moja linalojipinga, basi waweza kuthibitisha lolote, hata kwamba 1 ni sawa na 2. Hesabu zote za dunia zaharibika.

Church akataka kujenga msingi mpya. Wengine walikuwa wakijenga juu ya mafungu ya vitu. Yeye akasema (kwa maandishi yake, si kwa mdomo, manake alikuwa mtu wa maneno machache) kwamba ajenge juu ya kanuni. Kanuni ni nini? Ni kitu unachokipa kitu, nacho kikakurudishia kitu. Ukiipa 5, inakurudishia 8. Ukiipa 10, inakurudishia 13. Mwaka wa 1932 akachapisha jengo lake, na mwaka wa 1933 akaongeza sehemu ya pili.

Jengo likaanguka. Na walioliangusha si maadui zake bali wanafunzi wake wawili, Stephen Kleene na J. Barkley Rosser. Walilichunguza jengo la mwalimu wao kwa makini aliyowafundisha yeye mwenyewe, na mwaka wa 1935 wakachapisha uthibitisho kwamba mfumo ule una ufa kama ule ule wa kinyozi. Hebu fikirini. Unafanya kazi ya miaka, unawaita vijana wakusaidie kupiga misumari, nao wanakuonyesha kwamba chombo kinaingiza maji.

Mimi hapa ndipo nilipoanza kumpenda mzee huyu. Kwetu Wasini jahazi likivunjika watu hawalichomi moto. Wanaligeuza, wanalikagua, na mkuku ukiwa mzima unatunzwa. Church alifanya hivyo hivyo. Aliyaondoa yote yaliyohusu kuthibitisha hoja, akabakiza kile kipande kinachohusu kanuni peke yake, namna ya kuiandika kanuni na namna ya kuitumia. Kipande hicho hakikuwa na ufa. Mwaka wa 1936 yeye na Rosser wakathibitisha jambo muhimu: ukirahisisha maandishi ya lambda kwa njia mbili tofauti, na njia zote mbili zikafika mwisho, basi zitafika kwenye jibu moja. Ni kama kutoka Mkwiro kwenda Wasini mjini, upite pwani au upite katikati ya msitu wa matumbawe, utatokea pale pale.

Sasa tuitazame hiyo lambda yenyewe. Tukiandika x + 3 ubaoni, mwalimu wa hisabati anaweza kuwa na maana mbili. Pengine anamaanisha nambari fulani, x ikishajulikana, kuongeza tatu. Au anamaanisha ule utaratibu wote wa kuongeza tatu, kwa nambari yoyote itakayokuja. Kwa kawaida sisi twabahatisha kwa kuangalia uso wa mwalimu. Church hakutaka kubahatisha. Akaweka herufi ya Kigiriki, λ, mbele: λx. x + 3. Maana yake ni: nipe kitu, hicho kitu nitakiita x, nami nitakurudishia x kuongeza tatu. Angalieni kwamba utaratibu huo hauna jina. Hauitwi f wala g. Ni kazi tupu, imefungwa kama kifurushi, na waweza kumkabidhi mtu mwingine aipeleke anakotaka. Nukta ilipo ndipo mapokezi yanapokwisha na kazi inapoanza.

Kwa nini λ na si herufi nyingine? Watu wengi wamependa kujua. Katika barua moja Church alieleza kwamba vitabu vya zamani viliweka kikofia juu ya herufi, yeye akakiteremsha kikofia mbele ya herufi, na kwa ajili ya urahisi wa kuchapa kikageuka λ. Lakini katika uzee wake aliwahi kujibu kwamba alihitaji herufi, akachukua mojawapo. Mimi naona yote mawili yanafanana na mtu mkweli aliyechoka kuulizwa.

Kitu cha ajabu zaidi ni kwamba kwa lambda peke yake, bila nambari yoyote, Church aliweza kuzitengeneza nambari. Sisi huku kisiwani maji ya kunywa tangu jadi tumeyateka kwenye jabia, birika linalohifadhi maji ya mvua. Ukimwambia mtoto ateke mara tatu, hiyo tatu iko wapi? Haimo ndani ya maji wala ndani ya kata. Imo katika kurudia tendo. Na Church aliiweka hivyo: mbili ni kanuni inayopokea tendo lolote na kulifanya mara mbili, tatu ni kulifanya mara tatu, na sufuri ni kuliacha tendo bila kulifanya. Kujumlisha ni rahisi basi, unafanya mara mbili kisha mara tatu. Kuzidisha nako ni kurudia kurudia.

Tatizo likaja kwenye kutoa. Utaondoaje tendo moja katika matendo ambayo hujui ni matendo gani? Church mwenyewe alifika mahali akadhani haiwezekani. Kleene, yule yule mwanafunzi, alikuwa kwa daktari wa meno ameketi kiti akisubiri kung'olewa magego, na jibu likamjia pale pale. Wazo lake ni hili. Wapange watu wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Kila hatua wa mbele anasonga moja, na wa nyuma anakwenda kusimama pale alipokuwa wa mbele. Wa mbele akifika hatua ya saba, wa nyuma yuko ya sita. Basi ukitaka saba kutoa moja, muulize wa nyuma. Niliposoma jambo hili nilicheka peke yangu ndani ya mashua asubuhi, abiria wakanitazama.

Mwaka wa 1936 ndio mwaka mkubwa katika maisha ya Church. Mjerumani mashuhuri, David Hilbert, alikuwa ameuliza kama kuna utaratibu ambao, ukipewa hoja yoyote ya hisabati, utaweza kusema bila kubahatisha kama inathibitika ama haithibitiki. Wengi walitumaini upo na kwamba ni suala la kuutafuta tu. Church akatumia lambda kuonyesha kwamba haupo, na hautapatikana hata watu wakitafuta hadi kiama. Hakuna utaratibu mmoja unaoweza kuyatazama maandishi yoyote ya lambda na kutamka kama yatafika mwisho ama yatazunguka milele.

Mwaka huo huo, kijana wa Kiingereza wa miaka 23, Alan Turing, alifika kwenye jibu lile lile peke yake kwa njia tofauti kabisa, kwa kuwazia mashine yenye utepe mrefu usiokwisha. Alikuwa bado hajachapisha aliposikia kwamba mtu wa Princeton amemtangulia. Wengine wangegombana. Turing alifunga safari mwaka huo huo akaenda Princeton, akawa mwanafunzi wa Church, na akapata udaktari wake mwaka wa 1938. Na Church, alipoandika maoni yake juu ya makala ya kijana huyo mwaka wa 1937, ndiye aliyeipa ile mashine jina tunalolitumia hadi leo, mashine ya Turing. Tena alikiri waziwazi kwamba njia ya Turing inaeleweka upesi kuliko yake. Ikaonekana pia kwamba chochote kinachowezekana kwa lambda kinawezekana kwa mashine ya Turing, na kinyume chake. Hapo hakukuwa na kompyuta hata moja kama tunavyoijua.

Kuhusu tabia zake, wanafunzi wake wamesimulia mengi na mengine yachekesha. Alikuwa mtu mkubwa wa umbo, mwendo wa pole, akizungumza kwa sentensi zilizokamilika kana kwamba anasoma kitabu. Kabla ya somo aliufuta ubao kwa uangalifu mno, na wakati mwingine aliuosha kwa maji na sabuni, darasa zima likingoja ukauke. (Nawasihi walimu wetu wasiige hilo, maji ni ghali.) Alifanya kazi usiku hadi karibu na alfajiri. Alipenda kusoma hadithi za kubuni za sayansi, na akiona mwandishi amekosea sayansi huandika kusahihisha. Jarida la wanamantiki lililoanzishwa mwaka wa 1936 alilihudumia kama mhariri wa maoni hadi mwaka wa 1979, miaka arubaini na mitatu. Katika wanafunzi wake wengi wa udaktari yumo John Kemeny, mmoja wa wawili waliotunga lugha ya BASIC, ambayo wengi wa walimu wetu wa Kompyuta walianzia nayo.

Nimefika sasa kwenye sehemu ambayo wapinzani wangu katika mjadala waliisubiri. Lambda iliingiaje kwenye kompyuta?

Mlango wa kwanza ulifunguliwa na John McCarthy, Mmarekani, aliyeanza kutunga lugha ya LISP mwaka wa 1958. Alichukua neno lambda kutoka kwa Church na kulitia ndani ya lugha ya programu. Upande mwingine, huko Oslo, Norway, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walitunga Simula katika miaka ya sitini, lugha ambamo programu hujengwa kwa vitu. Kila kitu kina habari zake na kazi zake. Tuseme kitu Mashua: habari zake ni jina, nahodha na idadi ya abiria, na kazi zake ni kupakia, kung'oa nanga na kushusha. Namna hiyo ya kujenga kwa vitu ikaenea kote, ikazaa C++, Java na C#.

Lakini kujenga kwa vitu kulikuwa na dhiki yake. Kila kazi ni lazima iwe na jina na iwe mali ya kitu fulani. Ukitaka kumkabidhi mwenzako kazi tupu, bila kitu, ufanyeje? Katika Java ya zamani ilikubidi uunde kitu kizima kwa ajili ya kubeba tendo moja. Ni sawa na kuunda mashua ya kubeba barua moja.

Lugha ya C#, iliyotoka mwaka wa 2002, ilileta dawa iitwayo delegeti. Mimi naitafsiri kuwa wakala, na sioni ubaya wowote katika tafsiri hiyo. Tazameni wakala wa M-Pesa, huduma iliyoanza Kenya mwaka wa 2007. Kampuni haijali wakala ni nani, kama duka lake ni la unga ama la mafuta ya taa. Inachojali ni umbo la kazi: apokee nambari ya simu na pesa taslimu, atoe salio. Mwenye kutimiza umbo hilo aweza kuwa wakala. Delegeti ni hivyo hivyo. Unatangaza umbo: kazi hii itapokea nini na itarudisha nini. Kisha kazi yoyote ya kitu chochote, ikilingana na umbo hilo, yaweza kuwekwa pale, na anayeiita hana haja ya kujua imetoka kwenye kitu gani. Kazi isiyolingana inakataliwa mapema, kabla programu haijaanza kukimbia, na hiyo ndiyo faida ambayo mwalimu wetu hurudia kila mara.

Tena delegeti moja yaweza kushika kazi nyingi kwa pamoja. Huu ni mfano wa mbiu. Mpiga mbiu hajui ni nani watakaotoka majumbani, yeye anapiga tu. Waliojiandikisha wote wanaitwa, mmoja baada ya mwingine, kwa utaratibu waliojiandikishia. Kile kitufe unachokibonyeza kwenye kioo cha kompyuta ni mpiga mbiu. Hakijui kitu kuhusu programu yako, chajua tu kwamba kimebonyezwa na kwamba kuna orodha ya wa kuitwa.

Hata hivyo wakala wa mwanzo alikuwa lazima awe na jina. Kwa kazi ya mstari mmoja, jina ni mzigo. Ndipo mwaka wa 2007, mwaka ule ule wa M-Pesa, C# ikaruhusu lambda. Chukueni mnada wa samaki. Kuna orodha ya changu, tafi na kolekole, na mpangaji mmoja anayejua kupanga. Leo wamtaka apange kwa uzito, kesho kwa bei. Hakuna haja ya kuajiri wapangaji wawili. Unamkabidhi mpangaji kijikaratasi kisicho na jina, kimeandikwa s => s.Uzito. Kisome hivi: nipe samaki, nitamwita s, nami nitakurudishia uzito wa s. Mwaona? Ni ile ile λ ya mwaka wa 1932. Herufi ya Kigiriki imeondoka, ukaja mshale mahali pa nukta. Kesho unamkabidhi s => s.Bei, na mpangaji ni yule yule. Delegeti ndiyo umbo la bahasha, lambda ndiyo karatasi iliyomo.

Kuna mtego mmoja ambao nataka niukalie kidogo kwa sababu umewasumbua wengi. Lambda hubeba pamoja nayo vitu vya mahali ilipozaliwa. Tuseme unamtuma mtoto kwa mnunuzi, na maagizo ni azidishe uzito kwa bei iliyoandikwa kwenye ubao wa mizani. Mtoto hakubeba nambari, amebeba maagizo ya kuutazama ubao. Kama asubuhi ubaoni paliandikwa 300, na kabla mtoto hajaanza hesabu mtu akafuta akaandika 350, mtoto atazidisha kwa 350. Lambda za C# hufanya hivyo hivyo: hushika ubao, si nambari. Ukitaka bei ya asubuhi, inakili kwanza kwenye karatasi yako mwenyewe, kisha lambda uielekeze kwenye karatasi hiyo. Katika lambda za Church mtego huu haukuwepo kabisa, kwa sababu kwake hakuna ubao unaofutwa. Kitu kikishapewa x, ni hicho hicho mpaka mwisho. Matata yote yameingia pale karatasi za Church zilipokutana na vitu vinavyobadilika, na kwa maoni yangu watu wa programu wanailaumu lambda kwa kosa la ubao.

Na si kila mahali pa kutumia lambda. Nimeona mifano ya programu ambamo mtu ameandika lambda ya mistari ishirini, imepanda juu ya nyingine, na ndani yake nyingine tena. Kazi ndefu kama hiyo ipewe jina lake na delegeti iielekee kwa jina. Ukiitwa na kosa usiku, utajua wa kumtafuta.

Lugha nyingine nazo zikafuata ama zilikwisha tangulia. Python ilikuwa na neno lambda lenyewe tangu mwaka wa 1994. C++ ikaipokea mwaka wa 2011, na Java mwaka wa 2014.

Church hakuwa mtu wa kompyuta, na hili lisisahauliwe. Princeton alifundisha hadi mwaka wa 1967, akiwa na umri wa miaka 64, umri ambao wengine huanza kuhesabu siku za pensheni. Yeye akahamia Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, akafundisha huko miaka mingine 23, hadi mwaka wa 1990. Heshima nyingine zilimfikia kwa kuchelewa: Chuo cha Taifa cha Wanasayansi cha Marekani kilimchagua mwaka wa 1978, na Princeton ikampa shahada ya heshima mwaka wa 1985. Mwaka wa 1992 akahamia Hudson, jimbo la Ohio. Alikuwa bado anaandika, na makala yake ya mwisho ilitoka mwaka wa 1995.

Mwaka huo huo, mwezi wa Mei, lugha ya Java ilitangazwa kwa walimwengu, bila lambda. Tarehe 11 Agosti Alonzo Church alifariki dunia huko Hudson, umri wake miaka 92, akazikwa Princeton alipozikwa mkewe. Java ilingoja miaka 19 kabla ya kumkaribisha.

Anayetaka kuuona ule mshale ukifanya kazi, orodha ya samaki nimeiacha kwenye maabara ya kompyuta, mashine ya pili kutoka dirishani. Ya kwanza haiwaki.